Saluti Isiyopigwa: Historia Fupi ya Kuonyana Barabarani

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani anaijua lugha hii bila kufundishwa. Gari linalokuja mbele linawasha na kuzima taa mara mbili, mchana kweupe. Dereva wetu anaondoa mguu kwenye mafuta, mshale wa mwendo unashuka, konda anachungulia dirishani, na baada ya kilomita moja au mbili tunamwona askari wa trafiki chini ya mwembe, tochi mkononi. Tunapita polepole, kwa adabu zote, kama msafara wa bwana harusi. Tukishapita, dereva wetu naye anawawashia taa wanaokuja, kisha anakanyaga mafuta kufidia dakika zilizopotea.

Kwa miaka mingi niliuhesabu ushirikiano huo miongoni mwa mambo mema ya nchi yetu. Watu wasiojuana, wasio na deni lolote baina yao, wanakingana na faini. Katika safari moja nilikuwa miongoni mwa abiria waliompigia dereva makofi baada ya kumpita askari salama. Nusu saa baadaye basi lile lile liliyumba vibaya kumkwepa mtoto aliyekuwa akivuka barabara na ndoo ya maji kichwani. Mtoto alipona. Ndoo ilibaki imepasuka juu ya lami. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza tulikuwa tunashangilia nini hasa.

Swali hilo si letu peke yetu. Katika nchi kadhaa za Ulaya na Marekani wabunge, mahakama na makampuni ya teknolojia wamebishana kwa miaka mingi iwapo huduma za kuwatahadharisha madereva juu ya ukaguzi wa polisi zipigwe marufuku. Wengi huuona mjadala huo kuwa mtoto wa simu za kisasa. Sivyo. Ni mjadala wenye umri wa zaidi ya karne moja, ulianza kwa baiskeli, na hoja zake zote kubwa zilikwisha kusemwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Turudi Uingereza. Sheria ya mwaka 1865 iliamuru mashine zinazojiendesha barabarani zisizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, na mtu atangulie kwa miguu akiwa na bendera nyekundu. Mwaka 1896 vizuizi hivyo vililegezwa, na wenye magari wakasherehekea kwa msafara wa kutoka London hadi Brighton. Kisha ikaja Sheria ya Magari ya mwaka 1903, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1904. Iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32 hivi, ikalazimisha kila gari liwe na namba ya usajili, na kila dereva awe na leseni. Leseni hiyo ilinunuliwa kwa shilingi tano bila mtihani wowote. Serikali ilikuwa imempa dereva kibali kabla ya kumuuliza kama anajua kuendesha.

Polisi walikabidhiwa kikomo kipya lakini hawakukabidhiwa kifaa cha kukisimamia. Walichofanya ni kupima kipande cha barabara, kumficha askari nyuma ya ua wa miti mwanzoni mwa kipande hicho na mwingine mwishoni, kila mmoja au mmoja wao akiwa na saa ya kupimia muda. Gari lilipoingia katika kipande, ishara ilitolewa na hesabu ikaanza. Lilipotoka, askari wa tatu alijitokeza barabarani na kulisimamisha. Wenye magari waliiita mitego, na jina hilo lilibeba shutuma ndani yake. Mtego huwekewa mnyama. Wao walikuwa mabwana, na hawakuzoea kuwindwa.

Na kweli walikuwa mabwana. Gari la mwaka 1905 lilikuwa mali ya tajiri, wakati watembea kwa miguu, wachunga mifugo, wapanda baiskeli na watoto waliokuwa wakicheza barabarani walikuwa watu wa kawaida. Vumbi la magari liliharibu nguo zilizoanikwa na bustani za wanavijiji. Mwaka huo huo, katika kijiji cha Markyate huko Hertfordshire, mtoto aligongwa na kuuawa na gari lililokwenda zake bila kusimama, na magazeti yakawaka hasira. Kwa hiyo mtego uliokuwa uonevu machoni pa mwenye gari ulikuwa, machoni pa mwanakijiji, dalili ya kwanza kwamba serikali inamwona.

Tusiwadharau, hata hivyo, waliolalamika. Walidai kwamba mitego iliwekwa penye barabara nyoofu, pana na tupu, mahali ambapo mwendo haukumdhuru mtu, ilhali kona za hatari hazikuwa na askari. Kwamba saa za polisi hazikuaminika. Na kwamba mahakama ndogo za wilaya zilikuwa zimegundua chanzo kizuri cha mapato. Msomaji wa leo atayatambua malalamiko hayo mara moja. Ukibadilisha saa ukaweka tochi, na ua wa miti ukaweka mwembe, umefika kwetu.

Ndipo tarehe 29 Juni 1905 kundi la wenye magari lilipokutana katika mkahawa wa Trocadero, London, na kuunda chama kilichokuja kuitwa Automobile Association. Leo chama hicho kinajulikana kwa kuwasaidia madereva walioharibikiwa na magari njiani. Kilipozaliwa, kazi yake ya kwanza ilikuwa nyingine: kuajiri watu wa baiskeli wapite kwenye barabara kama ile ya Brighton, waione mitego, na kuwaonya wanachama kabla hawajaingia. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya kulipiwa ya kuwaonya madereva juu ya ukaguzi, miaka zaidi ya mia moja kabla ya programu za simu. Ilikuwa na wanachama, ada, nembo ya kubandikwa kwenye gari, na watu waliotawanywa barabarani kukusanya taarifa. Kilichokosekana ni setilaiti tu.

Je, ilikuwa halali? Swali lilifika mbele ya Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Alverstone, mara mbili, na akatoa majibu mawili ambayo juu juu yanaonekana kupingana. Katika kesi ya kwanza, Bastable dhidi ya Little, iliyoingia katika ripoti za sheria za mwaka 1907, mtu aliyekuwa akiwaonya madereva juu ya mtego alishinda. Hapakuwa na ushahidi kwamba magari aliyoyaonya yalikuwa yakivunja sheria wakati anayaonya. Mtu hawezi kusemwa amemzuia polisi kukamata kosa ambalo halijathibitishwa kuwapo.

Katika kesi ya pili, Betts dhidi ya Stevens, iliyoripotiwa mwaka 1910, mambo yalikuwa tofauti. Mtumishi wa chama aliyaonya magari ambayo tayari yalikuwa yanazidi kikomo, yakapunguza mwendo kabla polisi hawajamaliza kupima. Safari hii mahakama iliona kwamba alimzuia askari kutekeleza kazi yake, na hatia ikathibitishwa.

Kiini cha hukumu hiyo kilielezwa na Jaji Darling, na naomba msomaji akishike kwa sababu makala yote haya yanakizunguka. Alisema kwamba jambo kubwa ni nia. Anayemwonya mtu ili aache kuvunja sheria hana kosa. Huyo anaifanya kazi ya polisi bila mshahara. Lakini anayemwonya mtu ili asitishe uvunjaji kwa muda, mpaka hatari ya kukamatwa ipite, huyo anashirikiana naye. Kwa maneno yetu wenyewe: kuna kumsaidia mtu aache kosa, na kuna kumsaidia aliahirishe. Mwendo wa basi letu mbele ya mwembe ulikuwa kosa lililoahirishwa kwa kilomita mbili.

Chama hakikusalimu amri. Watumishi wake walikuwa na desturi ya kuwapigia saluti wanachama, waliowatambua kwa nembo kwenye gari. Baada ya hukumu, desturi ikageuzwa kinyumenyume: mtumishi asipopiga saluti, mwanachama alishauriwa asimame amuulize sababu. Onyo sasa lilikuwa kutokufanya jambo. Ni mahakama gani ingemhukumu mtu kwa mkono ambao hakuuinua? Saluti zile ziliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wengi waliozipokea hawakukumbuka tena kwamba ziliwahi kuwa lugha ya siri.

Hapa historia inatufundisha jambo la kwanza, nalo halimpendezi mtunga sheria: marufuku ya kuonyana ni rahisi kuikwepa kuliko kosa lenyewe linalofichwa. Ishara ikipigwa marufuku, ukosefu wake unakuwa ishara.

Jambo la pili lilichukua miaka mingine ishirini kudhihirika. Hoja kwamba kikomo cha mwendo ni upuuzi, na kwamba dereva mwungwana ajiamulie mwenyewe, ilishinda bungeni. Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 ilifuta kikomo cha mwendo kwa magari madogo. Mitego haikuwa na cha kutega tena. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, katika nchi iliyokuwa na magari machache mno ukilinganisha na leo. Bunge likageuka: kuanzia Machi 1935 kikomo cha maili 30 kwa saa kilirudishwa katika maeneo yenye makazi, na kuanzia Juni mwaka huo mtihani wa udereva ukawa wa lazima. Wale walioiita mitego uonevu walikuwa na haki katika mengi kuhusu namna ilivyowekwa. Kuhusu mwendo wenyewe, makaburi yaliwajibu.

Sasa tuvuke bahari hadi Ufaransa, ambako mjadala ulirudi kwa sura ya kidijitali. Kamera za kujiendesha zilianza kufungwa mwaka 2003. Mwaka 2002 barabara za nchi hiyo zilikuwa zimeua zaidi ya watu 7,000. Mwaka 2010 idadi ilishuka chini ya 4,000. Kamera hazikuwa sababu pekee, lakini zilikuwa miongoni mwa sababu. Sambamba nazo yakakua makampuni yaliyouza vifaa vya kuonyesha zilipo kamera na askari, vikilishwa taarifa na watumiaji wenyewe. Mwezi Mei 2011 serikali ilitangaza kwamba itavipiga marufuku, na kwamba hata mabango yake yenyewe ya kutangaza kamera yangeng'olewa. Madereva waliandamana, wabunge wa chama tawala wakanung'unika, makampuni yakalia kwamba ajira zitapotea.

Mwisho wake ulikuwa suluhu ambayo watumishi wale wa London wangeicheka kwa furaha. Kwa amri ya Januari 2012, kuonyesha mahali hasa ilipo kamera kukawa kosa lenye faini ya hadi yuro 1,500 na kupunguziwa pointi 6 za leseni. Lakini vifaa viliruhusiwa kuonyesha "eneo la hatari", lenye urefu wa mita 300 mijini, kilomita 2 nje ya mji na kilomita 4 kwenye barabara kuu za kasi. Ndani ya eneo hilo huenda kuna kamera, huenda kuna kona mbaya, huenda kuna vyote viwili. Saluti ilikuwa imevuka tena mpaka.

Suluhu hiyo haikuwagusa watu wanaoonyana wao kwa wao kwenye mitandao ya kijamii. Katika mkoa wa Aveyron, wanachama wa kundi la Facebook lililotangaza walipo polisi walihukumiwa na mahakama ya chini kusimamishiwa leseni, wakaachiwa na mahakama ya rufaa, na mwaka 2016 mahakama ya juu kabisa ikakubali kwamba waachiwe. Facebook haikuwa kifaa cha kugundua ukaguzi. Ndipo sheria ya Desemba 2019 na amri ya mwaka 2021 zilipochukua njia nyembamba zaidi: mamlaka zikaruhusiwa kuziagiza huduma za ramani zisirushe taarifa za watumiaji katika eneo maalumu, kwa saa 2 kukiwa na ukaguzi wa pombe au dawa za kulevya, na kwa saa 12 kukiwa na msako kama ule wa mtoto aliyetekwa. Kamera za mwendo hazikuguswa.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi, ikafafanua mwaka 2020 kwamba dereva haruhusiwi kutumia kipengele cha kuonya katika simu yake akiwa anaendesha. Marekani ilikwenda upande mwingine. Mwaka 2011 maseneta wanne waliyaomba makampuni ya simu yaondoe programu zinazotangaza vizuizi vya ukaguzi wa walevi, na baadhi yakakubali kwa hiari. Lakini mwaka 2014 jaji wa shirikisho huko Missouri aliwazuia polisi wa mji wa Ellisville kuwakamata madereva waliowawashia taa wenzao, akaitambua taa hiyo kuwa aina ya usemi unaolindwa na katiba. Hoja yake ingemfurahisha Jaji Darling: anayewashiwa taa hupunguza mwendo, na kupunguza mwendo ndicho kitu ambacho sheria inataka.

Ukizitazama kesi hizi kwa pamoja, utaona kwamba zimechanganya mambo mawili chini ya jina moja. Ukaguzi wa mwendo na ukaguzi wa ulevi si kitu kimoja. Mwendo dereva anaweza kuupunguza papo hapo akionywa. Ikiwa tochi imewekwa mbele ya shule au kwenye mteremko unaoua, onyo linafanya kazi ile ile ya askari mahali pale pale panapohitaji. Ndiyo maana serikali nyingi hutangaza zenyewe kamera zilizofungwa penye hatari. Ulevi hauahirishiki. Dereva mlevi akionywa halewuki. Anabadili njia, anapita mtaani kwa watu. Jimbo la New South Wales huko Australia lilipoanza kuwapima madereva pombe bila kubagua, mwezi Desemba 1982, nguvu ya mpango ilitokana na jambo moja tu: hakuna aliyejua askari watakuwa wapi. Tangaza mahali, na umeuondoa moyo wa mpango wenyewe.

Tufike nyumbani. Afrika Mashariki hatuko nje ya historia hii. Nairobi ilikuwa na chama chake cha wenye magari tangu mwaka 1919. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na si cha kuonea mtu. Gari linalokwenda kilomita 80 badala ya 50 linabeba nguvu ya kugonga mara mbili na nusu zaidi, na mwili wa mtoto haujui ratiba ya basi. Duniani kote barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na mzigo mkubwa unabebwa na nchi zenye magari machache kama zetu.

Hata hivyo, sitamuunga mkono atakayekuja bungeni na muswada wa kupiga marufuku kuwashiana taa, au wa kuwakamata wenye makundi ya WhatsApp yanayotaja walipo trafiki. Kwanza, haitatekelezeka, tumekwisha kuiona saluti isiyopigwa. Pili, wananchi huonyana juu ya kitu wanachokiogopa bila kukiheshimu. Taa zile mbili zinasema zaidi ya "kuna askari". Zinasema kwamba dereva hamwamini askari yule: anadhani amejificha ili apate kitu, si ili aokoe mtu. Kuikamata taa bila kuitibu dhana hiyo ni kuvunja kipimajoto ili homa ishuke.

Ninachopendekeza ni kidogo na kigumu. Vipimo vya mwendo viwekwe mahali panapoua, na mahali hapo patangazwe kwa mabango ili kila mtu ajue sababu ya askari kuwapo. Kazi ya trafiki isipimwe kwa wingi wa faini. Na kama ni lazima pawe na marufuku, basi iwe finyu kama ile ya Wafaransa: isimame kwenye ukaguzi wa walevi na msako wa wahalifu, kwa saa chache, katika eneo dogo, kwa amri inayoweza kuhojiwa mahakamani.

Sehemu iliyobaki haimhusu mbunge. Inatuhusu sisi tulioketi nyuma ya dereva. Hatukumwomba dereva wetu siku ile aendeshe polepole. Tulimpongeza kwa kujua lini aendeshe polepole. Mtoto yule hakuwa chini ya mwembe, na hakuna gari lililowasha taa kutuambia kwamba yupo mbele.